Misuli ya Uzazi Inapoanza Kuitika

Msikilizaji, homoni ya oksitosini hutengenezwa ubongoni na kusafiri katika damu, lakini peke yake haileti uchungu wa kuzaa. Lazima misuli ya mfuko wa uzazi iwe na vipokezi vyake, yaani protini zilizo kwenye utando wa seli, ambazo huinasa homoni na kuifanya seli ijikaze.

Mimba ikiwa changa, vipokezi hivyo ni vichache. Siku za kujifungua zikikaribia huongezeka mara nyingi, ndiyo maana dozi isiyofanya lolote mwanzoni yaweza kuleta mikazo mikali mwezi wa tisa. Kina mama, na waume zao pia, sikieni hili vizuri: vipokezi huchoka. Dripu ya oksitosini ya kuongeza uchungu ikiendelea saa nyingi, seli huvipunguza, misuli huitika kwa ulegevu, na hatari ya kuvuja damu baada ya mtoto kutoka hupanda. Wakunga wanapaswa kukumbuka hilo kila zamu.

Ili kuzuia kuvuja huko kwa damu hutumiwa oksitosini ya sindano, nayo huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Dawa nyingine, kabetosini inayostahimili joto, hutumia kipokezi kilekile. Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya dawa hiyo mwaka 2018, baada ya utafiti wa nchi 10, Kenya na Uganda zikiwamo.

Mnyonyesheni mtoto mapema, kwani kunyonya huamsha oksitosini. Na damu ikichuruzika bila kukoma, mwiteni mkunga papo hapo.