Muhula wa Makao Makuu: Fildi ya Dodoma na Vyuo Vikuu vya Mbeya na Iringa

Mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi na wahadhiri huyaita fildi, ni kipindi ambacho mwanafunzi wa chuo kikuu hupelekwa mahali pa kazi kabla hajahitimu, na hutofautiana na utarajali, ambao ni wa mtu aliyekwisha kuhitimu, kama daktari anayeanza kazi hospitalini chini ya uangalizi. Nchini Tanzania desturi hii ina mizizi mirefu. Falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilimtaka msomi asijitenge na kazi za watu wake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaenda mbali zaidi, likataka kijana atangulie kufanya kazi ndipo aingie chuo kikuu. Leo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, huihesabu fildi miongoni mwa gharama zinazokopeshwa, pamoja na ada na chakula. Taifa, basi, limekwisha kuikubali fildi kuwa ni elimu. Linalobaki ni kuitendea hivyo.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa na TANU, chama tawala cha wakati huo, mwaka 1973, lakini kwa zaidi ya miaka 40 wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam, mpaka Rais John Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba Serikali yote itahama, na sheria ya mwaka 2018 ikaitambua Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Kwa Nyanda za Juu Kusini mabadiliko hayo yaligeuza hata ramani. Mwanafunzi wa Mbeya aliyetaka kuiona wizara alisafiri zaidi ya kilomita 800, akiteremka Kitonga na kupita Mikumi na Morogoro. Sasa anapofika Iringa hushika barabara ya lami inayokatiza Isimani na kuvuka Mtera, kilomita 260 hivi hadi Dodoma, takriban nusu ya mwendo wa kutoka Iringa hadi Dar es Salaam.

Ukaribu huo bado haujatumiwa ipasavyo. Mwanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Iringa au wa Chuo Kikuu Kishiriki cha zamani cha Ruaha, ambacho sasa ni Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha, na mwenzake wa utawala wa umma wa Kampasi ya Mbeya ya Chuo Kikuu Mzumbe, kwa kawaida hujitafutia nafasi kwa barua, hupangiwa masjala, yaani chumba cha kupokea barua na kutunza majalada, hujaza kila siku daftari la kumbukumbu linalotiwa saini na msimamizi, hutembelewa na mhadhiri, kisha huandika ripoti. Masjala si mahali pa kudharauliwa. Jalada likisomwa kwa mfuatano, barua kwa barua na dokezo kwa dokezo (dokezo likiwa ni maoni ambayo ofisa huyaandika kwa mkubwa wake kabla uamuzi haujatolewa), humfunulia msomaji jinsi dola inavyofikiri. Lakini anahitaji mtu wa kumuuliza maswali juu ya anachokiona, na mtu huyo ndiye asiyekuwepo.

Mfano wa kuangaliwa ni wa Marekani, ambako American University ilianzisha mwaka 1947 mpango wa muhula mjini Washington: wanafunzi wa vyuo vya mbali huishi katika mji mkuu, huhudhuria semina pamoja na watumishi wa umma, hufanya kazi ofisini na kuandika utafiti unaopewa alama. Uzito wa mpango wa aina hiyo umo katika semina, kwa kuwa ndiyo inayoligeuza tukio la ofisini kuwa hoja.

Kikwazo kikubwa cha kuwa na mpango kama huo Dodoma, na kisichosemwa sana, ni kalenda. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa bungeni kwa kawaida mwezi Aprili, na Bunge la bajeti huketi tangu mwezi huo hadi mwisho wa Juni, kwa sababu mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Huo ndio msimu ambao kila wizara hulazimika kueleza hadharani ilichofanya na inachoomba. Fildi nyingi, kwa upande wake, huanza Julai au Agosti mitihani ikiisha, wakati wabunge wameshatawanyika. Mwanafunzi hufika mahali sahihi kwa wakati usiofaa.

Hasara yake huonekana wazi katika mahindi. Mbeya na Iringa ni sehemu ya ghala la chakula la taifa, lakini uamuzi wa kufungua au kufunga mipaka kwa mauzo ya nje, bei na kiasi ambacho Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula utanunua, na masharti ya ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/2023, yote hayo huamuliwa katika ngazi ya taifa. Kijana aliyelelewa Kilolo, mkoani Iringa, anajua gunia linavyoporomoka bei baada ya mavuno. Akiketi Wizara ya Kilimo wakati makadirio yanapotayarishwa, anaweza kuuliza maswali ambayo ofisa asiyewahi kulima hayafikirii.

Lipo pia suala la haki. Bila malazi yaliyoandaliwa, Dodoma huwa ya mwenye mjomba huko, na mtoto wa mkulima asiye na ndugu hubaki kutafuta nafasi halmashauri ya kwao, si kwa kupenda bali kwa kukosa kodi ya chumba. Walimu tarajiwa wa Mkwawa, chuo kikuu kishiriki cha elimu kilichopo Iringa, wana mazoezi yao ya kufundisha shuleni, nao hawahusiki sana hapa. Wahusika ni wanafunzi wa sheria, utawala, uchumi, habari na kilimo.

Hakuna chuo kimoja cha kusini kinachohitaji kubeba gharama hii peke yake. Mabaraza ya taaluma ya vyuo vya Mbeya na Iringa yaketi pamoja kabla almanaka ya mwaka ujao haijapitishwa, yatenge muhula wa Aprili hadi Juni, yakodi nyumba moja Dodoma, na yaweke huko mhadhiri mkazi wa kuongoza semina kila wiki.