Dkt. B. R. Ambedkar: Maisha Yake na Deni Tulilo Nalo

Hotuba iliyosomwa katika ukumbi wa hekalu usiku wa maadhimisho



Ni desturi ya siku kama hii kuwasifu waliotangulia, waliovuka bahari kwa majahazi, wakafungua maduka, wakachanga senti kwa senti hata hekalu hili likasimama. Sifa hizo wanazistahili, na waliotutangulia kusema wamezitoa vizuri. Sisi tumeombwa kuzungumza juu ya kiongozi mmoja aliyepigania haki za raia. Bila shaka wengi walitarajia tumtaje Mahatma Gandhi, Mgujarati mwenzetu, ambaye picha yake tunaiona ukutani. Kwa ruhusa yenu, tumemchagua mtu ambaye picha yake haimo humu: Dkt. Bhimrao Ramji Ambedkar.

Alizaliwa tarehe 14 Aprili 1891 huko Mhow, mji wa kambi ya jeshi katikati ya India, ambako baba yake alilitumikia jeshi la Waingereza. Ukoo wao ulikuwa wa Wamahar, mojawapo ya jamii zilizoitwa za wasioguswa, kwa kuwa iliaminika kwamba kuwagusa ni kujitia unajisi. Shuleni hakukaa pamoja na wenzake. Alikalia kipande cha gunia alichokibeba asubuhi kutoka nyumbani na kukirudisha jioni. Aliposhikwa na kiu hakuruhusiwa kugusa bomba. Sharti tarishi wa shule amfungulie. Siku tarishi asipokuwapo, mtoto alishinda na kiu yake.

Sehemu ya habari hii inayotuhusu sana sisi Wagujarati ni ile ya Baroda. Mtawala wa Baroda, Maharaja Sayajirao, aliiona akili ya kijana huyu akamsaidia kwa fedha za masomo. Mwaka 1913 Ambedkar akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kisha London. Aliporudi mwaka 1917 kuitumikia serikali ya Baroda kama ilivyokuwa ahadi, hakupata nyumba ya kupanga. Wahindu hawakumpokea. Akajisitiri katika nyumba ya wageni ya Waparsi kwa jina lisilo lake. Siku ya kumi na moja wakaja wanaume wenye fimbo kumtoa. Huyo aliyekwisha kusoma katika vyuo vikuu vya mabara mawili aliketi katika bustani ya mji, akalia. Mkono mmoja wa Gujarat ulimsomesha. Mwingine ulimfungia mlango.

Hakukata tamaa. Alirudi London akakamilisha shahada ya uzamivu ya uchumi na masomo ya uwakili, kisha akaanza kazi iliyompa jina. Mwaka 1923 baraza la kutunga sheria la Bombay lilipitisha azimio kwamba visima na mabwawa ya umma yawe wazi kwa watu wote. Lakini azimio peke yake halikumnywesha mtu maji. Tarehe 20 Machi 1927, katika mji wa Mahad, Ambedkar aliwaongoza maelfu ya watu hadi kwenye bwawa la Chavdar, akainama, akanywa. Nao wakanywa. Walipigwa kwa ajili hiyo, na bwawa likafanyiwa ibada ya kulitakasa. Kesi ikapelekwa mahakamani, na haki yao ikathibitishwa mwaka 1937. Miaka kumi, ndugu zetu, kwa ajili ya kiganja cha maji.

Mwaka 1930 walikwenda Nashik, kwenye hekalu la Kalaram, wakiomba kuingia kusali kama Wahindu wengine. Milango ilifungwa. Walirudi mara kwa mara kwa muda wa miaka kadhaa, na milango haikufunguliwa. Tunalisema jambo hili tukiwa ndani ya hekalu, kwa sababu hapa ndipo mahali pake.

Mwaka 1932 alikabiliana na Gandhi mwenyewe. Waingereza walikuwa wamekubali jamii za wasioguswa wawachague wawakilishi wao kwa kura ya peke yao. Gandhi, akiwa gerezani Yerwada, alifunga kula kulipinga jambo hilo, akiamini kwamba lingewagawa Wahindu. Ambedkar alijua kwamba Gandhi akifa, watakaolipa ni wanyonge wa vijijini. Tarehe 24 Septemba 1932 alitia saini Mapatano ya Poona: kura ya pamoja, na viti 148 vya mabaraza ya majimbo vikatengwa kwa ajili ya watu wake. Tunampenda Gandhi. Lakini kumpenda hakutuzuii kukiri kwamba siku ile aliyekuwa na uwezo mdogo ndiye aliyelazimika kujitoa zaidi.

India ilipopata uhuru, mtu huyu aliyenyimwa bomba aliteuliwa mwaka 1947 kuwa Waziri wa Sheria na mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya Katiba. Ibara ya 17 ya Katiba hiyo inafuta desturi ya kutogusana na kuifanya kosa la jinai. Hata hivyo alionya kwamba kura zitakuwa sawa, na maisha ya jamii yatabaki bila usawa. Na hitilafu hiyo isipoondolewa, watakaoumia wataibomoa demokrasia yenyewe. Mwaka 1951 alijiuzulu uwaziri kwa sababu mswada wake wa kuwapa wanawake wa Kihindu haki katika urithi na ndoa uliwekwa kando. Akina mama waliopo hapa wajue kwamba sheria zilizopitishwa India mwaka 1955 na 1956 zilitokana na kazi hiyo. Tarehe 14 Oktoba 1956, huko Nagpur, aliingia dini ya Buddha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi. Alifariki tarehe 6 Desemba mwaka huohuo.

Wako watakaosema: alituacha, basi yanatuhusu nini? Sisi tunajibu kwamba aliyebisha hodi miaka mingi bila kufunguliwa halaumiwi kwa kuondoka.

Mabibi na mabwana, tusijidanganye kwamba hayo yalibaki ng'ambo. Majirani zetu wa pwani walituita sote Mabanyani, na neno hilo asili yake ni jina la ukoo mmoja tu wa wafanyabiashara. Wao walituona kitu kimoja. Sisi wenyewe tulijua kuhesabu koo, kila ukoo na ukumbi wake. Wakati wa ukoloni kulikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na wazee wetu walilalamika, kwa haki kabisa, kwamba klabu za Wazungu ziliwafungia milango. Lakini katika nyumba tulizokulia, nyuma ya duka, kulikuwa na kikombe cha bati kilichotundikwa peke yake karibu na mlango wa uani. Kilikuwa cha mzee aliyetufulia na kutupikia. Mzee huyo ndiye aliyetufundisha Kiswahili hiki tunachokisema usiku huu. Tulimwamkia kila siku, naye akatuitikia marahaba. Hatukumpa kikombe chetu hata siku moja, wala hatukuuliza kwa nini.

Hilo ndilo deni letu, na mfanyabiashara anajua kwamba deni haliishi kwa kufunga daftari.

Kwa hiyo tuna maombi matatu kwa Kamati. La kwanza: katika chakula cha sikukuu, walinzi, wafagiaji na wapishi wetu wamekuwa wakipelekewa sahani zao nyuma, langoni. Kuanzia mwaka huu waketi safu moja nasi, kwa sahani zilezile. La pili: bomba lililo ndani ya ua litolewe hadi ukuta wa barabarani, ili mpita njia anywe bila kumwomba mtu amfungulie. La tatu: mfuko wetu wa elimu usiulize ukoo wala dini ya mtoto. Tunajua maana ya mtaji. Maharaja wa Baroda alimsomesha kijana mmoja, na nchi nzima ikapata mwandishi wa Katiba yake.

Iwapo gharama ya bomba ni tatizo, sisi tutailipa. Safu moja ya chakula haina gharama, na huenda ndiyo sababu imetuwia vigumu zaidi.

Mzee yule wa kikombe cha bati hayupo tena wa kulipwa. Watu wa kazi yake wapo. Wako langoni usiku huu, na chakula kinakaribia kupakuliwa. Tunaomba mmoja wetu atoke akawakaribishe ndani.