BETRI INAYOLALA CHINI YA KITANDA

Hotuba iliyosemwa mbele ya wanachama wa Kisii na Nyamira



Twawashukuru kwa kuja, ijapokuwa mvua ya alasiri haikuwahurumia. Leo hatukuja kusema juu ya mishahara, lakini kabla hatujamaliza mtaona kwamba neno la mshahara limo ndani yake. Tumekuja kusema juu ya betri za mashine za mkono: betri za drili, za grainda na za misumeno.

Zamani fundi alifungwa na waya wake. Stima ikipotea Keroka au Ogembo, kazi ilisimama mpaka irudi. Siku hizi fundi wa mabati hupanda paa na drili isiyo na waya, na anayetia madirisha Nyamira mjini hafungui kazi kwa kutafuta soketi. Hii ni faida kubwa, na hatuji kuitukana. Lakini kila chombo kina adabu yake, na adabu ya betri hizi wengi wetu hatukufundishwa.

Tuwaeleze jambo tuliloliona wenyewe. Katika karakana moja, ambayo jina lake hatulitaji, betri ya drili ilikufa. Mwenye kazi akasema bei yake itakatwa katika mshahara wa kijana aliyeitumia mwisho. Kijana akaogopa. Akachukua nyaya mbili, akaishtua betri ile kwa betri nyingine iliyo nzima, nayo ikaamka. Sote tuliokuwapo tulimsifu, tukamwita fundi wa kweli. Jioni akaenda nayo nyumbani isije ikaibwa, akaitia kwa chaja chini ya kitanda, akalala. Kabla ya alfajiri ikaanza kulia kama sufuria inayotoa mvuke, kisha ikaja moshi, kisha moto. Alitoka na watoto wake, ashukuriwe Mungu. Godoro, nguo na vitabu vya shule viliteketea, na mkono wake una kovu hata leo. Sisi tuliomsifu tulikuwa na sehemu yetu katika moto ule, na ndiyo sababu tunasimama hapa.

Basi, ndani ya betri kuna nini? Betri ya volti 18 ina seli tano zilizofuatana, au kumi zilizopangwa mbili mbili. Nyingi ya seli hizo zina unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, mfano wa kidole gumba kilicho kirefu kidogo. Kila seli ina volti 3.6 hivi, na ikijaa hufika 4.2. Zidisheni tano kwa 4.2 mpate 21. Kwa hiyo betri iliyoandikwa 20 au 21, na ile iliyoandikwa 18, mara nyingi ni kitu kimoja. Mkiona betri ya seli tano imeandikwa 48 au 88, jueni hayo ni maneno ya biashara tu.

Ndani ya kila seli mna kanda mbili nyembamba za madini zilizokunjwa pamoja kama mkeka, na katikati yake utando mwembamba wa plastiki, na vyote vimeloweshwa kwa maji ya dawa yanayowaka moto. Utando huo ndio mlinzi. Ukitobolewa, au ukiyeyuka kwa joto la nyuzi 130 hivi, kanda mbili hugusana, joto hupanda kwa ghafula, na seli moja huwasha jirani yake. Moto huo hujilisha wenyewe.

Sasa mtaelewa kosa la yule kijana. Seli ikiishiwa kupita kiasi, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka katika yale maji. Ikitiwa nguvu tena, shaba ile huganda mahali pasipo pake, hata ikaweza kupenya utando. Betri yaonekana imefufuka, kumbe imemeza sindano. Chaja iliyoikataa haikuwa mbovu. Ilikuwa inamwonya.

Tena kuna kijibao kidogo cha stima ndani ya betri nzuri. Kazi yake ni kuzuia seli zisijae kupita kiasi, zisiishe kupita kiasi, na zisipate joto mno. Betri nyingi za bei rahisi hazina kijibao cha kutosha, au hazisawazishi seli, hivyo moja hujaa mno na nyingine ikabaki nyuma. Na wapo wanaotengeneza betri kwa seli zilizotolewa katika kompyuta kuukuu. Seli za kompyuta hazikuundwa kutoa nguvu nyingi kwa mara moja kama drili inavyotaka. Wengine huzilehemu kwa risasi moja kwa moja juu ya seli, na joto la kulehemu huharibu ule utando kabla kazi haijaanza.

Haya ndiyo tunayowaomba myashike.

Usiishtue betri iliyokufa, wala usimruhusu mwenzako aishtue.

Tumia chaja iliyokuja na betri yake. Chaja kuingia katika tundu si dalili kwamba inafaa.

Usitie nguvu usiku mkiwa mmelala, wala mlangoni, wala juu ya godoro au takataka za mbao. Iweke juu ya saruji au jiwe, mahali unapoiona. Twajua stima hupotea mchana na watu hungoja usiku. Hata hivyo ngojeni mkiwa macho.

Betri iliyotoka kwenye kazi nzito iache ipoe kwanza. Iliyoanguka kutoka paa, iliyonyeshewa, au iliyopasuka ganda, itengwe.

Usibebe betri mfukoni au sandukuni pamoja na misumari na skurubu. Na ninyi wa mageti na madirisha, fahamuni kwamba chengachenga za chuma hupitisha stima. Futeni vizuri kabla ya kuichomeka.

Ukisikia mlio wa mvuke, ukaona moshi au ukanusa harufu tamu ya dawa, toa watu nje. Moshi huo ni sumu. Usiikumbatie betri ukaokoe shilingi. Ikiwa stima imezimwa na wewe uko mbali ya kutosha, maji mengi ndiyo hupoza. Kisha usiirudishe ndani, kwa maana yaweza kuwaka tena baada ya saa nyingi.

Betri iliyokwisha usiitupe chooni wala katika takataka zinazochomwa. Funika vyuma vyake kwa utepe, uiweke nje ya nyumba, tukusanye pamoja tuzipeleke kwa wanaopokea taka za stima.

Sasa lile neno la mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamruhusu mwajiri kukata fidia ya kiasi kwa mali iliyoharibiwa na mfanyakazi kwa kusudi. Betri iliyochakaa kwa kazi haikuharibiwa kwa kusudi. Ukikatwa, leta habari kwa katibu, na uje na karatasi ya malipo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yataka mwajiri ahakikishe usalama wa vyombo vya kazi. Ukimjulisha msimamizi wako hatari kubwa iliyo karibu, mwajiri hawezi kukulazimisha urudi penye hatari hiyo kabla hajairekebisha. Na penye watu 20 au zaidi, lazima iwepo kamati ya usalama.

Kwa hiyo twataka mambo matatu kwa waajiri: betri zilale kazini katika sanduku la chuma lenye kufuli, zitiwe nguvu saa za kazi, na iliyokufa ibadilishwe bila kumtisha mtu. Betri ikilala nyumbani kwako na ikawaka, mwenye kazi atasema ni mambo ya nyumba yako. Ikilala kazini, hana la kusema.

Na ninyi mnaojiajiri wenyewe, ambao hamna mwajiri wa kudai, dai mjitoze wenyewe. Heri nusu shari kuliko shari kamili: bei ya betri moja ni chungu, lakini haifanani na bei ya nyumba, wala ya mtoto.

Mkitoka hapa, kila mmoja akaangalie chini ya kitanda chake leo hii.