Nyayo Zilizomo Majini

Somo la leo ni juu ya maji, na habari zilizofichika ndani yake.

Mwindaji hana haja ya kumwona swala ndipo ajue kwamba amepita. Hutazama nyayo na kinyesi, akajua. Basi, majini nako mna nyayo, ila macho hayazioni. Kila kiumbe huacha vipande vidogo vya mwili wake mahali anapoishi, kama vile ngozi, ute na kinyesi. Ndani ya vipande hivyo mna vinasaba, yaani alama za uzazi. Kila aina ya kiumbe ina alama zake: za samaki si za chura, wala za chura si za konokono.

Mwaka 2008, wataalamu huko Ufaransa walichota maji ya vidimbwi. Kwa vinasaba vilivyomo, walitambua palipokuwa na vyura wakubwa wenye asili ya Marekani, ambao ni wageni waharibifu katika nchi ile.

Je, jambo hili latuhusu nini sisi? Latuhusu kwa sababu ya kichocho. Mayai ya mnyoo wa kichocho hutoka kwa mgonjwa katika mkojo au kinyesi. Yakifika majini huanguliwa, na vijidudu huingia ndani ya konokono na kukua humo. Kisha hutoka, wakapenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayevua samaki. Dawa ya kichocho ipo, lakini aliyepona akirudi katika maji yale yale aweza kuambukizwa tena. Kwa hiyo ni lazima tujue maji yapi yana hatari.

Desturi ya zamani ni kuokota konokono, kuwaweka ndani ya maji mahali penye mwanga, na kungoja kuona kama watatoa vijidudu. Kazi hiyo ni njema. Lakini mara nyingi konokono wenye vijidudu ni wachache kati ya wengi. Ukiwakosa hao wachache utasema mto ni salama, na watoto watazidi kuugua.

Mwaka 2019 ilitangazwa njia nyingine, iliyojaribiwa katika maji ya Kenya. Maji huchotwa na kupitishwa katika chujio lenye matundu madogo mno. Chujio hupelekwa maabara, na huko mashine huzidisha vinasaba vya mnyoo anayetafutwa, mpaka hata vikiwa haba vitambulikane.

Lakini angalieni. Mchotaji mwenye mikono au chombo kichafu aweza kuleta alama za mto mwingine. Mto huchukua vinasaba kutoka juu na kuvipeleka chini. Tena, alama hizo hazisemi kama kiumbe yu hai au amekufa. Na zisipoonekana, msiseme upesi kwamba hakuna hatari.

Kumbukeni pia kwamba kupima maji hakuyasafishi. Mtu akitumia choo, mayai hayafiki mtoni. Hiyo ndiyo sehemu yetu.

Maswali ya darasani:
1. Vinasaba huingiaje majini?
2. Kwa nini kuokota konokono peke yake hakutoshi?
3. Katika kijiji chenu, watoto huoga wapi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.