Kioo cha Upande wa Pili



Hapa kwetu Murang'a bado tunayaona magari ya zamani yakipanda milima polepole: Volkswagen za mgongo wa kobe, Land Rover za mashamba, na Peugeot 404. Hiyo 404 ilianza kutengenezwa mwaka 1960, ikashinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ni gari la kuheshimiwa. Lakini mengi ya magari ya umri huo yalikuwa na kioo kimoja tu cha pembeni, upande wa dereva.

Leo kimoja hakitoshi. Katika nchi yetu dereva huketi kulia, na gari hupita kushoto. Bodaboda hupenya upande wa kushoto, na watoto wa shule hutembea huko huko ukingoni. Asiyeonekana huko ni mwana wa mtu.

Basi tunapoweka vioo vipya, tufuate utaratibu wa fundi mwema. Yeye haanzi kutoboa bati. Kwanza humketisha dereva kitini kama aketivyo kila siku, naye husimama nje akikishikilia kioo, akikisogeza mpaka dereva aseme, "Hapo naona." Ndipo hutia alama. Hufungua mlango na kuteremsha dirisha, ahakikishe kwamba kioo hakigongi kitu, na kwamba tundu halitagusa mitambo ya dirisha iliyo ndani. Hubandika utepe ili keekee isiteleze, hutoboa tundu dogo, kisha hulipanua. Husugua kingo kwa tupa na kupaka rangi bati lililo wazi, maana mvua za Machi hadi Mei zikilikuta tupu, kutu huanzia hapo. Mwisho huweka raba chini ya kioo, na kukaza nati.

Tuone mafunzo matatu. La kwanza, dereva hawezi kukiweka kioo mahali pake akiwa peke yake. Humhitaji mwenzake aliye nje. La pili, vioo vingi vya upande wa abiria vimebinuka kidogo. Huonyesha eneo kubwa, lakini hufanya vitu vionekane vidogo na vya mbali. Pikipiki tunayoidhani iko mbali imekwisha kufika. Ndivyo tunavyoyaona machozi ya jirani: madogo, tena ya mbali, kumbe yako mlangoni petu. La tatu, hata kioo kizuri kina mahali pasipoonekana. Hapo hapana dawa ila kugeuza shingo.

Yakobo, katika sura ya kwanza ya waraka wake, anamtaja mtu ajitazamaye katika kioo, kisha akaenda zake na kujisahau. Kioo hicho humwonyesha mtu uso wake. Kioo cha gari hutuonyesha mwenzetu, nacho pia chaweza kutazamwa na kusahauliwa. Tukinunua vioo vinavyometameta ili gari letu lisifiwe, bila kuvielekeza vizuri, tumepamba mlango tu.

Wiki hii tujiulize: ni nani aliye upande tusiozoea kuutazama? Labda ni mjane wa nyumba ya tatu, au kijana aliyeacha kuja kanisani wala hatukumwuliza sababu. Tugeuze shingo kabla ya kugeuza usukani.

Ee Mungu, tufumbue macho tumwone jirani kabla hatujamuumiza. Amina.