Homa ya Bonde la Ufa: Mfugaji Huona Kabla ya Daktari

(Hotuba kwa wafugaji, wachinjaji, wauzaji wa nyama na wakazi wote wa Kaunti ya Nakuru)



Kuna ugonjwa mmoja duniani unaobeba jina la bonde hili. Ulilipuka Misri mwaka wa 1977. Mwaka wa 2000 ulivuka Bahari ya Shamu ukaingia Saudia na Yemeni. Kila ulikofika, madaktari waliuita homa ya Bonde la Ufa. Jina hilo lilitoka hapa nyumbani, kando ya Ziwa Naivasha, na hadithi yake ina funzo ambalo kila mwenye kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia anafaa kulijua kabla mvua kubwa haijarudi.

Kondoo wa Naivasha, 1930

Katikati ya mwaka wa 1930, katika shamba moja karibu na ziwa, wanakondoo walianza kufa wakiwa na siku chache tu tangu kuzaliwa. Kondoo wakubwa wakatupa mimba, na wengine wakafa. Kwa muda wa wiki chache shamba hilo lilipoteza takriban kondoo 4,700, wakubwa kwa wadogo.

Wataalamu wa mifugo Robert Daubney na John Hudson, wa maabara ya Kabete, wakishirikiana na daktari wa binadamu P. C. Garnham, walichunguza mizoga na kukuta maini yameharibika. Walichukua majimaji ya mnyama mgonjwa wakayapitisha kwenye chujio dogo mno lisilopitisha bakteria. Majimaji yaliyochujwa bado yaliwaua kondoo. Maana yake ni kwamba kilichoua kilikuwa kidogo kuliko bakteria: kilikuwa virusi.

Matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 1931, na tangu siku hiyo mambo matatu makubwa yakawa wazi. La kwanza, ugonjwa uliwapata watu pia: wachungaji waliowashika kondoo hao waliugua homa, na wachunguzi vilevile. La pili, mbu walishukiwa kuwa ndio wasambazaji. La tatu, kondoo walipohamishwa kutoka ukingo wa ziwa hadi sehemu za juu zenye baridi, vifo vilikoma.

Ulipojificha ugonjwa

Swali moja liliwasumbua wanasayansi kwa miaka mingi. Homa hii hulipuka, huua, kisha hutoweka miaka mitano, kumi au hata zaidi. Wakati huo huwa wapi?

Jibu lilipatikana humu humu Kenya. Katika nyanda nyingi kuna sehemu za bondeni ambazo hujaa maji mvua ikizidi na hukauka jua likiwaka. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wenye unyevu kandokando ya madimbwi hayo. Maji yakikauka, mayai hubaki ardhini yakiwa hai, na yanaweza kungoja miaka. Mwaka wa 1985 watafiti walichapisha matokeo ya kazi iliyofanywa nchini: waliwachukua viluwiluwi vya mbu kutoka dimbwi la aina hiyo, wakawalea hadi wakawa mbu kamili, na hata kabla mbu hao hawajamuuma mnyama yeyote, tayari walikuwa na virusi. Mbu mama alikuwa amewarithisha watoto wake kupitia mayai.

Kwa hiyo ugonjwa hauji kutoka mbali. Umelala kwenye udongo wa malisho. Mvua kubwa isiyokoma ikijaza madimbwi kwa wiki kadhaa, mayai huanguliwa kwa pamoja. Mbu hao huwauma mifugo, damu ya mnyama mgonjwa hujaa virusi, kisha mbu wa aina nyingine, hasa Culex, hunyonya damu hiyo na kuueneza ugonjwa mbali zaidi.

Ndiyo sababu milipuko mikubwa ya Kenya, kama ile ya 1997 hadi 1998 na ya 2006 hadi 2007, ilifuata mvua za El Nino.

Jicho la angani

Ikiwa mvua ndiyo ufunguo, basi ugonjwa unaweza kutabiriwa. Mwaka wa 1999 watafiti walionyesha kwamba wakipima joto la maji ya Bahari ya Pasifiki na Bahari ya Hindi, kisha wakaangalia kwa setilaiti jinsi majani ya Afrika Mashariki yanavyokolea kijani, wangeweza kujua miezi kadhaa mapema kwamba hatari inakuja.

Jaribio halisi lilikuja miaka saba baadaye. Katika miezi ya mwisho ya 2006, kabla ya mgonjwa yeyote kuthibitishwa, wataalamu walitoa onyo kuhusu Pembe ya Afrika. Mwezi wa Desemba wagonjwa wa kwanza walithibitishwa Garissa. Kufikia Machi 2007, nchini Kenya kulikuwa kumehesabiwa wagonjwa 684, na 155 kati yao walikuwa wamefariki. Majirani wa Baringo walikuwa miongoni mwa waliopata pigo hilo. Uchinjaji ulipigwa marufuku sehemu nyingi, masoko ya mifugo yakafungwa, na familia zilizotegemea mbuzi mmoja kulipa karo zikabaki mikono mitupu.

Hapa ndipo penye uzito wa hotuba hii. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalionekana. Utabiri ulikuwa sahihi. Mbona basi watu 155 walikufa?

Siku kumi na saba, siku sitini na mbili

Baada ya mlipuko huo, watafiti waliwaendea wafugaji wa Kisomali wa kaskazini mashariki na kuwauliza waliona nini na lini. Wafugaji hao hawakuhitaji kufundishwa ugonjwa. Walikuwa na jina lao la kuuita, sandik, yaani damu ya puani, kwa kuwa waliwaona wanyama wakitoka damu puani. Walikumbuka siku mvua ilipoanza, siku mbu walipotanda, siku mnyama wa kwanza alipougua na siku mtu wa kwanza alipougua.

Hesabu ilipopigwa, ilibainika kuwa kutoka mnyama wa kwanza kuugua hadi mtu wa kwanza kuugua zilipita kwa wastani siku 17 na nusu hivi. Kutoka mnyama wa kwanza kuugua hadi huduma za mifugo kufika zilipita kwa wastani siku 62 hivi.

Mkazi yeyote anaweza kuilinganisha hesabu hiyo. Mfugaji alijua kwanza. Mtu akafuata kuugua. Msaada ukaja mwisho. Setilaiti iliona mvua, maabara ilivijua virusi, lakini habari za zizini hazikufika ofisini kwa wakati. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na setilaiti nyingine. Linazibwa na mfugaji anayetoa taarifa na afisa anayeitikia siku hiyo hiyo.

Baada ya mlipuko huo, wizara ya afya na ile ya mifugo ziliunda kitengo cha pamoja cha kushughulikia magonjwa yanayotoka kwa wanyama hadi kwa watu. Mpango huo hufanya kazi pale tu taarifa inapoanzia bomani.

Kwa nini mfugaji hunyamaza

Si haki kumlaumu mfugaji bila kumsikiliza. Mbuzi akianza kulegea, mwenye mbuzi huona pesa zikipotea. Akimchinja upesi, angalau atauza nyama au watoto watakula. Akitoa taarifa, anaogopa kwamba karantini itawekwa na soko litafungwa, na hakuna anayemlipa hasara yake.

Hofu hiyo ina msingi, lakini hesabu yake ina kasoro mbili. Kwanza, hatari kubwa kabisa ya homa hii kwa binadamu ni kugusa damu, viungo au kijusi cha mnyama mgonjwa. Anayechinja mnyama mgonjwa ili aokoe pesa hujiweka yeye mwenyewe, pamoja na anayemshikia miguu, mahali pabaya zaidi. Pili, taarifa ya mapema huwezesha udhibiti mdogo wa sehemu ndogo. Taarifa ya kuchelewa huleta marufuku ya eneo zima kwa muda mrefu.

Chanjo na wakati wake

Chanjo ya mifugo ipo, na hutengenezwa hapa nchini na taasisi ya KEVEVAPI. Asili yake ni Afrika Mashariki: virusi vilivyotumika vilipatikana mwaka wa 1944 kutoka kwa mbu wa msitu wa Semliki, Uganda, kisha vikadhoofishwa katika maabara. Ni chanjo ya bei nafuu, na kinga yake hudumu.

Hata hivyo ina masharti. Inaweza kumfanya kondoo mwenye mimba aitupe, kwa hiyo ni lazima daktari wa mifugo aamue nani achanjwe. Tena si chanjo ya kukimbiliwa katikati ya mlipuko. Sindano moja ikitumiwa kwa wanyama wengi wakati baadhi yao wana virusi, sindano hiyo hueneza ugonjwa. Chanjo ni ya kabla ya mvua, wakati ambapo mifugo wote wanaonekana wazima na mwenye mifugo haoni haja. Hapo ndipo penye ugumu, na hapo ndipo penye faida.

Kwa binadamu bado hakuna chanjo iliyoidhinishwa kwa matumizi ya umma. Kazi inaendelea. Mwanasayansi Mkenya George Warimwe, anayefanya kazi Kilifi na katika Chuo Kikuu cha Oxford, ameongoza utengenezaji wa chanjo inayolengwa kwa watu na mifugo. Majaribio ya kwanza kwa watu wazima wenye afya yalianza Uingereza mwaka wa 2021, na Uganda ikafuata. Hadi kazi hiyo ikamilike, kinga ya binadamu ni kinga ya mnyama wake.

Mambo ya kuangalia na kufanya

Bomani, dalili kuu ni kondoo au mbuzi wengi kutupa mimba kwa wakati mmoja, mimba changa na mimba pevu sawasawa, pamoja na wanakondoo wachanga kufa kwa wingi. Ikitokea baada ya mvua kubwa na mbu wengi, taarifa ipelekwe siku hiyo kwa afisa wa mifugo wa wadi, kwa chifu au kwa mhudumu wa afya ya jamii. Kijusi kisiguswe kwa mikono mitupu wala kisitupiwe mbwa. Kizikwe kwa kina.

Mnyama mgonjwa asichinjwe. Kibudu kisiliwe. Nyama inunuliwe iliyokaguliwa na kupigwa mhuri, na iive vizuri. Maziwa yachemshwe. Nyama iliyoiva haina hatia, kwa hivyo hakuna haja ya kuikimbia bucha. Hatari iko pale panapochinjwa. Mchinjaji avae glavu, aproni na viatu vya mpira.

Kwa mtu, homa huanza siku mbili hadi sita baada ya kuambukizwa: joto jingi, maumivu ya misuli, kichwa na mgongo. Wengi hupona. Wachache hupata madhara ya macho au ubongo, na wachache hutokwa na damu, na katika hao wa mwisho vifo ni vingi. Kwa kuwa hufanana na malaria, mgonjwa anapofika kituo cha afya aseme wazi kwamba alichinja, alizalisha au aligusa mnyama mgonjwa. Sentensi hiyo moja humwelekeza daktari kwenye kipimo sahihi.

Wachungaji wa Naivasha wa 1930 waliugua bila kujua walichokigusa. Wafugaji wa 2006 walijua, ila habari zao zilichelewa kufika. Mvua kubwa itarudi, na mayai yangali ardhini. Safari hii mfugaji wa Nakuru anajua, na ana mahali pa kupeleka habari. Asingoje siku ya kumi na saba.