Maji ya Ziada Yanavyokula Saruji Yetu



Mwaka huu tunachangisha saruji, basi tumeona tuizungumze saruji yenyewe. Mfuko unaokwenda vijiji vya delta hauishii kwenye lori. Lazima upande boti na kupita katikati ya mikoko. Ukifika kule umekwisha kuwa mali. Tukiuharibu kwa maji, tumetupa michango yenu.

Fundi haongezi maji kwa uvivu. Zege zito haliingii vizuri kati ya nondo; huacha vishimo kama sega la nyuki. Lakini ili ishikane, saruji huhitaji maji takriban robo tu ya uzito wake. Kwa mfuko wa kilo 50, hiyo ni lita 12 na ushei. Yanayozidi hapo ni ya kulainisha tu, na yakikauka huacha vijitundu. Kwetu maji chumvi hupanda na bamvua. Chumvi ikipenya kwenye vijitundu hivyo, nondo hushika kutu, huvimba, na nguzo hupasuka. Mafuriko ya Aprili 2024 yametukumbusha kwamba Rufiji hailisamehei jengo dhaifu.

Je, zege linaweza kulainika bila maji mengi? Ndiyo, na msaada mwingine unatoka kwenye mimea. Chembe za saruji zikilowa hugandana na kufungia maji ndani yake. Tangu miaka ya 1930 viwanda vimetumia lignosulfonati, inayotokana na miti ya kutengenezea karatasi. Hujibandika kwenye chembe, zikasukumana, na maji yaliyofungwa yakaachiwa.

Wanga wa muhogo na gundi ya mgunga navyo vimechunguzwa na taasisi ya BAM ya Berlin, Ujerumani. Wanga huyapa maji uzito kidogo, kokoto zisizame na maji yasielee juu. Huko Afrika Kusini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand walijaribu wanga wa muhogo na wa mahindi kwa viwango visivyozidi asilimia 2 ya saruji, yaani kilo 1 kwa mfuko.

Ndugu zetu, asirudi mtu nyumbani akamwaga unga wa ugali kwenye zege! Unga si wanga uliosafishwa. Wanga wenyewe, kama sukari, huchelewesha zege kushika, na ukizidi, nguvu hupungua. Maabara kwanza, nguzo baadaye.

Kwa hiyo, pamoja na mifuko ya saruji, tunaomba mchangie vitu vitatu: koni ya chuma ya kupimia ulaini wa zege, vibweta vya kutengenezea vipande vya kuvunjwa maabara baada ya siku 28, na dawa ya kulainisha zege iliyokwisha kuthibitishwa. Na vijana wetu wanaosoma uhandisi, muhogo wa Kibiti ni mada ya utafiti inayowasubiri. Tutafurahi kuwasaidia nauli na sampuli.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunasema, tupime maji leo ili ufa usizaliwe. Ukumbi ni wenu, na daftari la ahadi liko mezani.